Natafutia makao mbwa kijana mwenye mbio nyingi, hapa Lubumbashi

Mpangaji wa Bel-Air

Ninawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo. Nina mbwa dume ambaye ninamtafutia makao ya kudumu, na baada ya majuma saba ya kutafuta bila kufanikiwa nimeona heri niwaulize ninyi mliofuga mbwa kwa miaka mingi, kwa maana naanza kushuku kwamba kosa liko kwangu, wala si kwa mbwa.

Nilimwokota mwezi wa Desemba, mvua ilipokuwa imejaza mtaro ulio nyuma ya soko moja katika Kenya, komini (sehemu ya mji) ya hapa Lubumbashi. Alikuwa amesimama juu ya tairi kuukuu, maji yakimfika tumboni, na shingoni alikuwa na waya wa umeme uliokwisha kuzama katika nyama, hata manyoya yalikuwa yameanza kuufunika. Daktari wa mifugo aliyeutoa aliniambia kwamba alifungwa waya huo angali mdogo sana, kisha akakua nao bila mtu kuulegeza. Kidonda kimepona, ila limebaki kovu lisilo na manyoya, pana kama kidole, linalomzunguka shingo yote. Jina lake ni Mbiyo, nami naliandika kama tunavyolitamka kwetu, kwa sababu watoto wa lupango, yaani ua wa nyumba tunamoishi, ndio waliompa. Rangi yake ni ya udongo, miguu ya mbele ni myeupe, na mara ya mwisho alipopimwa alikuwa na kilo 17.

Mimi ni mwalimu, nimepanga vyumba viwili katika lupango ambamo tunaishi familia nne, na kuanzia asubuhi hadi saa nane sipo. Katika saa hizo Mbiyo hufanya kazi zake. Ameshafukua tuta la lengalenga (mchicha) mara mbili, huchukua kandambili za majirani na kila mara huchukua mmoja tu wa jozi, na mwezi wa nne aliruka ukuta akaanguka katikati ya mkeka ambao mama jirani alikuwa ameanika kapenta zake, wale samaki wadogo, za kuuza. Nililipa. Mwenye nyumba aliniambia kwa upole mara ya kwanza, na mara ya pili bila upole, kwamba mwisho wa mwezi wa sita asimkute tena.

Nimeshampeleka kwa watu mara moja. Familia moja ya mtaa wa Golf ilimchukua, ikamfunga mnyororo kando ya lango kwa sababu ilitaka mbwa mkali wa kulinda, naye akalia usiku nne mfululizo mpaka wakamtuma zamu wao, yaani mlinzi, amrudishe. Halafu kuna bwana aliyenipigia simu akauliza jambo moja tu, yaani uzito wake; huyo nilimwambia kwamba mbwa ameshapata mtu.

Tangazo langu linasema hivi: «Mbwa mzuri, mpole, mwenye afya, anapenda watoto, anatolewa bure.» Naomba mniambie limekosea wapi, na kama inafaa nimhasi kwanza au nimwachie mwenyeji mpya aamue.

Fundi wa Afya ya Mifugo

Mwalimu, asante kwa kuutoa ule waya, kwa sababu wengi hupita wakitazama pembeni. Nianze na mambo ya afya, kwani ndiyo yanayonihusu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mbwa akifikisha miezi mitatu na hurudiwa baada ya mwaka. Kama Mbiyo hajachanjwa, usimkabidhi mtu yeyote kabla ya kumchanja, na kadi yake imfuate anakokwenda. Huo si urasimu wa kizungu. Karibu kila mtu anayekufa kwa kichaa cha mbwa duniani aliumwa na mbwa, na dalili zikishamtokea mtu, tiba huwa haipo tena. Mwambie pia huyo atakayemchukua kwamba mtoto akiumwa au akikwaruzwa na mbwa yeyote, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, kisha aende hospitalini siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana kadi.

Kuhusu kumhasi, nakushauri umhasi kabla hajaondoka. Ukimwachia mwenyeji mpya, atakuambia ndiyo, na mwaka utapita. Dume aliyehasiwa hutangatanga kidogo zaidi, hapigani sana kwa ajili ya majike, wala haongezi watoto wa mbwa mitaroni kama ule uliomkuta yeye. Ila usimdanganye mtu kwamba upasuaji utampunguzia mbio zake, maana mbio hizo ni za umri. Mbwa wa miezi kumi au kumi na mmoja ni kama kijana wa shule ya sekondari: mwili umekomaa, kichwa bado, na wengi huanza kutulia wanapokaribia miaka miwili. Hapa mjini tuna bahati ya kuwa na kitivo cha tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa hiyo waganga waliosomea kazi hiyo si wa kutafutwa mbali.

Sasa ule mnyororo. Mbwa mwenye nguvu nyingi akifungwa hachoki, bali nguvu zake hukosa pa kutokea, ndipo hubweka, hutafuna, na mwishowe huuma. Watu wakiona hivyo husema amekuwa mkali na wanafurahi, kumbe amekuwa mwoga, na mbwa mwoga humuuma mtoto wa nyumbani kabla ya kumuuma mwizi.

Wakati unasubiri, mchoshe kwa pua. Chukua katoni, jaza karatasi zilizofinyangwa, tawanya humo vichwa vichache vya kapenta, kisha mwachie unapotoka kwenda shuleni. Dakika 20 za kunusa na kutafuta humchosha kuliko unavyodhani. Mtembeze alfajiri kabla ya kazi na jioni tena. Na kwa kuwa wengi wetu tunawapa mbwa bukari (ugali), angalia unga: ule uliooza au ulioshika ukungu, ambao watu husema «mpe mbwa», una sumu inayoharibu ini la mbwa. Kama wewe huwezi kuula, naye asiule.

Mama wa Katuba

Mwanangu mwalimu, mimi nimefuga mbwa tangu watoto wangu wakiwa wadogo, na sasa ni bibi. Tangazo lako lina makosa mawili, nayo ni sifa ya kwanza na neno la mwisho.

Neno «mzuri» halimwambii mtu kitu. Kila mbwa anayetafutiwa nyumba ni mzuri na mpole, na anayesoma anajiuliza mbona basi hutaki kubaki naye. Neno «bure» ndilo baya zaidi. Nitakusimulia jambo ambalo sijalisimulia sana. Miaka mingi iliyopita jike langu lilizaa sita, nikawagawa bure, na dume mmoja mnene akachukuliwa na mtu aliyekuja na mfuko wa mkonge begani, mfuko ule wa makala, yaani makaa ya kupikia. Nilimwona na ule mfuko nikanyamaza kwa sababu ya haya, kwa kuwa alikuwa ameniamkia vizuri na kuniita mama. Juma lililofuata nilipita kwao kumwona mtoto wa mbwa, na wale vijana hawakuniangalia usoni. Wewe ulipomkatalia yule bwana wa kuuliza kilo, ulifanya vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo omba kitu kidogo. Usiombe bei, omba mchango wa chanjo, hata kama ni sehemu tu ya ile uliyolipa. Asiyeweza kutoa hata hicho leo, kesho hatanunua dawa ya kupe.

Halafu nenda ukaone nyumba kwa macho yako. Usiende na mbwa mara ya kwanza, nenda peke yako, uketi, upewe maji, utazame. Ukuta una urefu gani? Lango linafungwa au linaegemezwa? Ukifika, omba kuzungumza na zamu, na hili ndilo jambo ambalo watu hawalifikirii. Katika nyumba nyingi za hapa, mwenye nyumba humnunua mbwa, lakini anayeishi naye ni zamu: ndiye anayempikia, ndiye anayekesha naye, ndiye anayepigiwa kelele mbwa akitoroka. Kama zamu hampendi mbwa, mbwa huyo hana nyumba, hata kama baba mwenye nyumba ana gari tatu. Na kama zamu anacheka akisikia habari zake, mpe hata kama nyumba ni ya matofali ya udongo. Hao wa Golf walikurudishia kwa mkono wa zamu. Ulimuuliza yule kijana lolote?

Msemakweli 243

Mnisamehe, wakubwa zangu. Mwalimu mshahara wake tunaujua, meka (kopo la kupimia) ya unga tunaijua bei yake, na kuna watoto wa barabarani ambao hakuna anayewaandikia tangazo. Huyu ni mbwa wa kienyeji tu. Angekuwa berje, yule mbwa wa kizungu, mngegombania. Kwa nini asimwachie sokoni alikomtoa?

Mpangaji wa Bel-Air

Ndugu Msemakweli, swali lako si baya, nami sitalikwepa. Mbwa akiachwa sokoni bila chanjo, mtoto wa barabarani ndiye wa kwanza kulala karibu naye na wa kwanza kuumwa. Chakula anachokula ni ukoko wa chungu chetu pamoja na vichwa vya samaki ambavyo mama wa kapenta, yuleyule aliyenidai, sasa ananiwekea mwenyewe.

Mama, umenifumbua macho. Sikumuuliza yule zamu neno lolote, ila naikumbuka sura yake: alimleta amefungwa kwa kamba ya katani ambayo alikuwa ameizungushia kitambaa ili isimkwaruze lile kovu. Alikuwa amempa maji njiani. Kumbe alikuwepo mtu mmoja katika nyumba ile aliyemtazama, nami nilimshukuru harakaharaka nikafunga lango.

Nimeandika tangazo upya usiku huu, nanyi mnirekebishe:

«Natafuta nyumba kwa ajili ya Mbiyo, mbwa dume wa mwaka mmoja kasoro, aliyechanjwa na atakayehasiwa. Anakimbia tangu alfajiri mpaka jua kutua. Anaruka ukuta wa mita moja na nusu, anachimba, na atakula kiatu chako ukikiacha nje. Watoto anawapenda, lakini huwaangusha wadogo kwa furaha, kwa hiyo afadhali watoto wenye umri wa miaka sita na kuendelea. Hawezi kufungwa mnyororo, kwa sababu alikwisha kuumizwa shingoni. Hambwekei kila apitaye, kwa hiyo anayetaka mbwa wa kutisha watu asijisumbue. Anafaa kwa mtu mwenye nafasi na kazi za nje, ambaye anataka mbwa wa kuongozana naye. Tutaomba mchango mdogo wa chanjo, tutakuja kuona nyumba, na kama hamtaelewana naye, arudishwe kwangu wala asipewe mtu mwingine.»

Fundi wa Afya ya Mifugo

Hilo ni tangazo. Sibadilishi neno, naongeza moja tu: andika anajua nini. Watu wanaposoma «anakimbia» wanaogopa, lakini wakisoma «anakuja akiitwa» wanapumua. Na umwandikie anaitwa kwa lugha gani, maana nimeona mbwa wengi Lubumbashi wanaozungumziwa Kifaransa na bwana, Kiswahili na zamu, kisha tunashangaa kwamba hawasikii.

Ndugu Msemakweli, kuhusu mbwa wa kienyeji: yule mbwa anayeitwa basenji, ambaye huko Ulaya na Marekani watu humnunua kwa fedha nyingi, asili yake ni misitu ya Kongo hii hii, na anajulikana kwa kutobweka kama mbwa wengine. Simaanishi kwamba Mbiyo ni mmoja wao, kwa sababu Mbiyo anabweka vizuri sana, majirani ni mashahidi. Nasema tu kwamba neno «kienyeji» si tusi.

Bustani ya Njia ya Kipushi

Nawasalimu. Nimesoma tangazo la pili. La kwanza nililiona mwezi uliopita nikalipita.

Mimi na baba yangu tunalima mboga kwenye njia ya kwenda Kipushi, ni shamba lenye kisima na ua wa miti, si ukuta. Tatizo letu ni panya wa mashambani pamoja na mbuzi wa watu wanaoingia mchana na kula kabichi. Mbwa wetu mzee alikufa kabla ya mvua kuisha. Baba yuko shambani siku nzima, anatembea kutoka tuta hadi tuta, na tangu mbwa yule afe ameanza kuzungumza peke yake. Mbwa anayelala langoni hatufai. Lakini tuna kuku kumi na mmoja, nao hutembea huru. Je, atawamaliza?

Fundi wa Afya ya Mifugo

Anaweza, ikiwa siku ya kwanza ataachiwa awafukuze hata mara moja, kwa sababu kufukuza ni utamu ambao mbwa kijana hausahau. Juma la kwanza awe kwenye kamba ndefu mkononi mwa baba, si kwenye mti. Alishwe kwanza, kisha ndipo apitishwe karibu na kuku, na kila anapowaangalia halafu akageuza macho kwa baba, apewe kipande cha samaki hapohapo. Akivuta kuwaelekea, baba asimame tu, asipige kelele. Usiku alale ndani au bandani na mlango ufungwe, hasa sasa katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Matandiko yake myaanike juani yakauke kabisa, kwa sababu ya wale nzi wanaotuletea funza chini ya ngozi, ambao kwa ajili yao tunapiga pasi hata soksi; mbwa hapigwi pasi.

Na msimhukumu mapema. Wanaofanya kazi ya kuwatafutia mbwa nyumba husema kwamba siku tatu za kwanza huwa amepotewa, majuma matatu anajifunza desturi za nyumba, na miezi mitatu ndipo anajiona kwake. Si sheria, lakini inasaidia kuvumilia.

Mama wa Katuba

Mwalimu, nenda ukamwone huyo baba. Mimi ningekuwa nimeshapanda teksi.

Mpangaji wa Bel-Air

Nilikwenda Jumamosi, peke yangu, kama Mama alivyoagiza. Mzee hakuniuliza kama mbwa ni mkali. Aliuliza anakula nini, kisha akaniuliza ni nani aliyemfunga ule waya, nami nilipomjibu kwamba simjui, aliinama akaendelea kung'oa magugu kwa muda mrefu bila kusema neno. Ua una mianya miwili, tumeiziba pamoja kwa matawi ya miiba. Mchango alitaka kuutoa kwa kabichi, nami nikakubali, kwa hiyo walimu wenzangu wote wamekula kabichi juma hili.

Mbiyo alihasiwa, akapumzika siku kumi kwangu mpaka nyuzi zilipotolewa, na sasa ana majuma mawili kule kwa majaribio. Kandambili moja imepotea. Siku ya tatu alitoroka, wakamkuta kisimani akiwa amelala juu ya koti la mzee. Mbuzi hawaingii tena, si kwa sababu anawauma, bali kwa sababu anataka kucheza nao na wao hawataki.

Mama wa Katuba

Na kuku?

Mpangaji wa Bel-Air

Kuku bado ni kumi na mmoja, Mama, ila jogoo amehamia juu ya paa na hashuki mpaka Mbiyo alale. Jana nilikwenda tena, nikaandikiana na mzee karatasi ya kwamba sasa ni wake, naye akatia sahihi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ule mkanda wa kitambaa niliomshonea umeanza kumbana, kwa hiyo mzee amemnunulia mwingine mpana wa ngozi, na kabla sijauliza alinishika mkono akanionyesha: vidole vyake viwili, vilivyo vinene hivyo, vilipita chini ya mkanda bila taabu.

Kwangu bado ipo katoni ya dawa ya kupe ambayo haijafunguliwa na kamba moja ndefu. Mwenye kuvihitaji kwa ajili ya mbwa wake aniandikie, nipo nyumbani baada ya saa nane.